Tusimcheleweshe Yairo

Mahubiri ya Siku ya Mungu, yaliyotolewa redioni. Somo: Marko 5:21-43



 Fungueni Biblia zenu katika Injili ya Marko, sura ya 5, toka mstari wa 21 mpaka mwisho wa sura. Asiye na Biblia asogee karibu na jirani yake.

Habari hii tunaijua tangu shule ya Siku ya Mungu. Yairo, mzee wa sinagogi, ana binti wa miaka 12, na binti huyo yuko karibu kufa. Yairo anamkimbilia Yesu, anaanguka miguuni pake, anamwomba aje. Yesu anaondoka naye. Njiani kundi kubwa linawasonga. Katikati ya kundi yumo mama mmoja ambaye damu yake imetoka miaka 12. Anagusa vazi la Yesu, anapona. Yesu anasimama kumtafuta na kumsikiliza. Yesu akiwa bado anasema naye, watu wanatoka nyumbani kwa Yairo na habari mbaya: mtoto amekwisha kufa. Lakini Yesu anaendelea na safari, anaingia, anamshika mtoto mkono, anamwinua, kisha anaagiza apewe chakula.

Mara nyingi tumehubiri sura hii kwa ajili ya kutia watu imani, na tutaendelea kuhubiri hivyo. Leo tunaomba tuisome tukiangalia jambo moja tu: wakati. Nani alikwenda upesi, nani alizuiwa, na kwa sababu gani.

Sababu ya kuchagua jambo hili tutaisema wazi, ingawa ni aibu yetu.

Mwaka uliopita dada mmoja wa kanisa letu alishikwa na uchungu wa kuzaa, usiku. Jina lake hatutalitaja. Mwenyewe ameturuhusu kusema yaliyotokea. Jamaa yake walimleta kwanza katika chumba cha maombi. Tukaomba. Tuliomba usiku kucha, na kulipopambazuka tukaendelea, kwa kuwa mmoja wetu alisema ushindi uko karibu. Mchana ukapita. Jua lilipoanza kushuka, mama mmoja mzee wa kanisa akaingia, akamtazama yule dada usoni, akatuambia: "Baba mchungaji, huyu mama amechoka. Mumpeleke sasa."

Ndipo tukaanza kutafuta pikipiki. Ya kwanza haikuwa na esansi. Ya pili mwenyewe alikuwa amesafiri. Tukapata baiskeli kwanza, halafu pikipiki mbele ya njia. Tulipofika hospitali, muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Tukaulizwa feza ya kuanzia, nayo hatukuwa nayo mkononi. Tukatumwa kununua glavu nje. Kisha ikaonekana kwamba mwenye ufunguo wa chumba cha upasuaji amekwenda nyumbani. Mama alipona. Mtoto wa kiume hakupona. Tulimzika kesho yake asubuhi.

Baada ya mazishi, sisi wazee wa kanisa tulikaa na kuulizana. Mmoja alisema ni shetani. Mwingine alisema ni ile hospitali. Yule dada, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka, alisema neno moja tu: "Tulichelewa." Hakusema "mlichelewa". Alijiweka pamoja nasi. Tangu siku ile neno lake halijatutoka.

Ndugu na dada, watu wanaosomea vifo vya wamama wanasema kwamba kuchelewa kuko kwa namna tatu. Fundisho hilo liliandikwa mwaka wa 1994 na wanawake wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, na mpaka leo waganga na wakunga wanafundishwa kwa njia hiyo. Kuchelewa kwa kwanza ni kwa kuamua, nyumbani. Kwa pili ni kwa kufika, njiani. Kwa tatu ni kwa kuhudumiwa, ukiwa umekwisha kufika. Sisi tulichelewa mara zote tatu katika siku moja. Tuzitazame moja moja, Yairo akiwa mbele yetu.

Ya kwanza: nyumbani.

Yairo alikuwa mzee wa nyumba ya maombi.  Angeweza kusema: "Mtoto alale hapa, tufunge siku tatu." Hakufanya hivyo. Alitoka mbio kutafuta msaada wakati mtoto bado anapumua. Angalieni hapo vizuri, kwa sababu wengine wetu husema: Yesu anaweza kufufua hata aliyekufa, basi kuchelewa si kitu. Ni kweli, Yesu alimfufua yule binti. Lakini Yairo hakungoja binti afe ili muujiza uwe mkubwa zaidi. Baba anayependa hamjaribu Mungu kwa uhai wa mtoto wake.

Sisi Wapentekoste tunaamini uponyaji. Burton na Salter walipofika Mwanza, katika nchi yetu ya Waluba, mwaka wa 1915, walihubiri Yesu anayeokoa na kuponya. Hatuondoki hapo. Lakini hakuna mahali katika Injili ambapo Yesu alimgombeza mtu kwa kumleta mgonjwa upesi. Wale wanne wa Marko sura ya 2 walibomoa dari ya nyumba ya watu ili mgonjwa wao asingoje, naye Bwana aliiona imani yao katika haraka ile.

Basi tujue dalili zisizongoja. Mwenye mimba anayetokwa damu. Mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, amevimba uso, macho yanaona giza, au anaanguka na kutetemeka. Mama ambaye uchungu umepita masaa 12 na mtoto hajatoka. Mama aliyezaa na damu haikatiki. Huyo anaweza kufa kabla ya masaa mawili kwisha. Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelala asiamke, au anayekakamaa na kugeuza macho. Huyo wa mwisho tumezoea kusema ana pepo. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na mtoto mdogo anaweza kuwa mzima asubuhi na kuwa hatarini jioni. Mwombeeni mkiwa njiani. Mungu anasikia maombi ya mtu anayetembea.

Tena, nani anaamua? Wababa wengi wa hapa wako mbali, wengine wanachimba upande wa Kolwezi, wengine wanafanya biashara ya samaki kwenye maziwa ya Upemba. Mama anashikwa na uchungu, watu wanaanza kumtafuta bwana kwa simu, mtandao hakuna, na masaa yanapita. Wababa, toeni ruhusa kabla ya kusafiri. Semeni mbele ya mashahidi: "Nikiwa sipo, mama na jirani fulani wakiona hatari, waende." Maneno hayo hayagharimu kitu.

Ya pili: njiani.

Yairo alisongwa na kundi. Watu wale hawakuwa wabaya, walimpenda Yesu, lakini walikuwa wengi mno na walijaa njiani. Njia yetu tunaijua: mchanga wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua, giza usiku, na feza ya pikipiki inayopanda mara mbili kwa sababu dereva ameona una shida.

Hatuwezi kujenga barabara wiki hii. Lakini kila seli ya maombi inaweza kujua leo ni nani ana pikipiki, ni nani ana baiskeli yenye kiti kizuri, na ni kijana gani anaamka usiku akiitwa. Andikeni majina hayo. Mama akifika mwezi wa nane wa mimba, jirani zake wajue atapita njia gani na atapelekwa na nani. Na nyumba yake ianze kuweka franka kidogo kidogo mapema, pamoja na glavu, kitambaa safi na sabuni katika mfuko mmoja karibu na mlango. Tulizoea kuona jambo hilo kama kukosa imani. Yosefu kule Misri aliweka chakula miaka saba kabla ya njaa, na hakuna aliyemwita mtu asiye na imani.

Ya tatu: ukiisha kufika.

Hapa tumwangalie yule mama wa damu. Marko anasema bila kuficha kwamba aliteseka mikononi mwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka naye anaieleza habari ya mama huyo, na Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Tunasoma hivyo katika Wakolosai 4:14. Basi Biblia haiwachukii waganga. Lakini pia haifichi kwamba mtu anaweza kutumia mali yote na asipate matunzo yaliyo mazuri.

Wangapi kati yetu wameuza mbuzi, kisha baiskeli, kisha mahindi ya mbegu, kwa sindano na seramu ambazo hakuna aliyepima kwanza kama zinahitajika? Kipimo cha malaria ni tone moja la damu na dakika kama 15 za kungoja. Kutoa dawa bila kupima ni kupoteza mara mbili: feza ya maskini inapotea, na ugonjwa wenyewe unabaki mwilini.

Lakini tuseme haki. Wauguzi wengi katika nchi yetu wanafanya kazi bila mshahara wa serikali, au wanapata kitu kidogo kisichofika mwisho wa mwezi. Kituo kinaishi kwa feza ya wagonjwa. Muuguzi ana watoto kama sisi. Akilala zamu tatu mfululizo peke yake, atakosea. Kumtukana hakutaleta muuguzi wa pili. Kwa hiyo hatusimami hapa kumhukumu mtu. Tunatafuta kile ambacho kinaweza kutengenezwa na watu walio na kidogo.

Na Bwana wetu ametuonyesha. Kwa yule mama alisimama. Alimwuliza. Alimwacha aeleze habari yake yote mpaka mwisho, mbele ya kundi lenye haraka. Alimwita binti. Katika nyumba ya Yairo aliwatoa waliokuwa wakipiga kelele, akaingia na watu wachache waliohitajika, akafanya kazi, kisha akakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Kusikiliza, kuheshimu, kuweka utaratibu, kufuata mgonjwa mpaka mwisho: mambo hayo manne hayanunuliwi sokoni. Kituo maskini kinaweza kuwa nayo, na hospitali yenye mashine inaweza kuyakosa.

Ninyi wauguzi, wakunga na wafagiaji wa vituo mlio waamini, na mko wengi katika kanisa hili, kazi yenu ni madhabahu. Bei iandikwe ukutani ili mgonjwa asiikisie. Daftari iandikwe ukweli, hata siku dawa zimekwisha. Anayetoka zamu amkabidhi anayeingia, mgonjwa kwa mgonjwa, kwa mdomo. Na ufunguo wa chumba cha upasuaji usiende nyumbani mfukoni mwa mtu. Tunasema juu ya ufunguo kwa sababu tumemzika mtoto.

Labda mtu atauliza: je, utaratibu tu unaweza kubadili kitu? Mbona shida ni feza? Feza ni shida, hatukatai. Lakini sikieni habari ya jimbo letu wenyewe.

Mwaka wa 2017 jina la Haut-Lomami lilitajwa mbali, pamoja na Maniema, kwa sababu ya polio. Ilikuwa ile polio inayotokea mahali watoto wengi hawajapata chanjo kamili. Virusi dhaifu vya chanjo ya matone vinazunguka kwa muda mrefu kati ya watoto wasio na kinga, mpaka vinapata nguvu ya kulemaza. Dawa yake si kukimbia chanjo. Dawa yake ni kutoacha mtoto hata mmoja nyuma.

Mwaka wa 2018 Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Mashako, uliopewa jina la Profesa Mashako Mamba, aliyekuwa Waziri wa Afya. Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo ya kwanza. Jimbo letu lina zoni za afya 16, na kila zoni imegawanywa katika maeneo yenye vituo vyake. Wakuu walipotafuta pa kuanzia, hawakuanza na jengo kubwa. Walianza na maswali madogo. Je, siku ya chanjo iliyopangwa ilifanyika kweli? Siku ngapi kwa mwezi? Chanjo ilifika kituoni, au ilibaki kwenye friji ya zoni? Msimamizi alikwenda kuona kwa macho, au alijaza karatasi akiwa ofisini? Hayo ni maswali ya uaminifu katika madogo, na Bwana wetu alitufundisha habari hiyo kabla ya wizara yoyote.

Tazameni mfano mmoja. Chupa ya chanjo ya surua huwa na dozi 10. Ikishafunguliwa na kuchanganywa, baada ya masaa sita inatupwa. Wakija watoto wawili tu, muuguzi anaogopa kupoteza dozi nane, anawaambia wamama warudi wiki ijayo. Mama aliyetembea masaa mawili harudi. Mtoto anabaki bila kinga, na surua ikiingia kijijini inamkuta. Muuguzi huyo ajue kwamba dozi nane zikitupwa ni hasara ndogo kuliko kaburi moja. Lakini sisi nasi tuna sehemu yetu. Kama siku ya chanjo ingetangazwa hapa madhabahuni, na wamama wa kanisa wakaondoka pamoja, watoto kumi wangefika saa moja, chupa ingefunguliwa bila hofu, na hakuna tone ambalo lingepotea. Tangazo la dakika moja. Tunatangaza harusi, tunatangaza michango, na hatukutangaza hilo.

Tena kanisa si mgeni katika kazi hii. Tangu mwaka wa 1981, kwa mradi wa SANRU, Kanisa la Kristo katika nchi yetu lilisaidia kupanda huduma za afya vijijini, na zoni nyingi za afya zilikua mikononi mwa makanisa. Wazee wetu waliona kwamba kuhubiri na kutunza mwili havigombani.

Basi, wapendwa, wazee wa kanisa tumekata shauri, nasi tunalisema hewani ili mtushike kwa maneno yetu.

Moja: hakuna mwenye uchungu wa kuzaa, wala mtoto mwenye homa, atakayelazwa katika chumba cha maombi kabla ya kupitishwa kituo cha afya. Tutamsindikiza sisi wenyewe, na tutaomba naye kule. Mtumishi atakayemzuia mgonjwa asiende, hata kwa unabii, atajibu mbele ya baraza la wazee.

Mbili: kisanduku cha wagonjwa kinafunguliwa. Kila nyumba italeta kile inachoweza kila mwezi. Feza hiyo ni ya pikipiki na ya kuanzia hospitalini, ili mama asilale mlangoni kwa kukosa franka. Daftari lake litasomwa mbele ya kanisa kila mwisho wa mwezi. Yule dada tuliyemtaja amekubali kulishika.

Tatu: siku za chanjo, za kupima watoto na za CPN zitatangazwa kila Siku ya Mungu kabla ya mahubiri, watu wakiwa bado macho.

Nne: tunawaomba waamini wawili, mama mmoja na baba mmoja, wakubali kuchaguliwa katika CODESA, kamati ya wakaaji inayokaa na kituo cha afya. Huko ndiko hesabu za kituo zinaangaliwa na malalamiko yanasemwa kwa heshima. Wengi wetu tunalalamika barabarani na hatujafika hata mara moja kwenye kikao.

Haya ni madogo. Hayataleta daktari mpya Sanga kesho. Lakini saa moja ikipungua nyumbani, saa moja njiani na saa moja mlangoni mwa hospitali, ni masaa matatu, na kwa mama anayetokwa damu masaa matatu ni uhai wote.

Tunamwomba msamaha yule dada, mumewe na jamaa yao, mbele ya ninyi nyote. Na tunawaomba ninyi: mkituona tunachelewa tena, fanyeni kama yule mama mzee. Ingieni katika chumba cha maombi na mtuambie.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe ulikwenda na Yairo, ukamsikiliza na yule mama njiani. Utusamehe masaa tuliyopoteza. Wape wauguzi wetu nguvu, mkate na uaminifu. Walinde wamama watakaozaa usiku huu hapa Sanga na katika zoni zote za jimbo letu. Utupe imani inayoamka upesi. Katika jina lako tumeomba. Amina.